Kisima Mlangoni mwa Msikiti



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake, nataka wiki hii nizungumze nanyi juu ya safari. Simaanishi Hija wala Umra, ambazo kila mmoja wetu amezitia nia moyoni mwake, bali safari ndogo ya siku moja, ya gari, kutoka Mombasa hadi Malindi na kurudi. Wengi wenu mnaipita njia hiyo mkienda arusini au mazikoni, na macho yameizoea hata hayaioni tena. Mimi nami nimeipita mara zisizo idadi. Lakini katika likizo ya Agosti niliipita pamoja na watu ambao hawakupata kuiona maishani mwao, na maswali yao ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba kwa miaka kadhaa sasa nasomesha chuo Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Kwa asiyeujua mtaa huo, uko upande wa Eneo la Viwanda, katika Embakasi Kusini. Nyumba zake nyingi ni za mabati, chumba kimoja kimoja, zimepangwa ubavu kwa ubavu, na vichochoro ni vyembamba. Karibu yake unapita Mto Ngong, ambao maji yake hakuna anayethubutu kuyatawadhia. Waislamu wa huko ni wa asili mbalimbali: wapo waliotoka kwetu Pwani, wapo waliotoka Kaskazini Mashariki, na wapo waliosilimu huko huko mtaani. Watoto wao wanasoma Kurani vizuri, alhamdulillahi, ila bahari wanaijua kwa picha za vitabuni.

Shauri la safari lilianzishwa na akina mama. Tangu Mfunguo Mosi wa mwaka uliopita walikuwa wakiweka akiba katika chama chao, huyu shilingi 50 kwa wiki, huyu 100, mpaka wakaona wanaweza. Tulipokaa kupanga, swali lao la kwanza halikuwa la nauli wala la chakula. Mama mmoja mwenye mabinti watatu aliuliza: "Sheikh, na njiani sisi wanawake tutaingia wapi?"

Mwanamume anaweza kulicheka swali hilo. Mwanamke wa Mukuru halicheki, kwa sababu ndilo swali la maisha yake ya kila siku. Kule choo kimoja hutumiwa na ploti nzima, na pengine ni cha kulipia kila uingiapo. Maji hununuliwa kwa mtungi. Usiku binti akibanwa na haja, mama humwamsha baba au kaka amsindikize gizani, au binti hujizuia mpaka alfajiri. Nami nataka msomaji alibebe swali la mama huyu katika safari nzima, kama tulivyolibeba sisi, kwa maana tulilipatia majibu mahali ambapo hatukuyatazamia.

Tulikuwa watu 25: wanawake 10, watoto 12 na wanaume 3. Tulipanda garimoshi la alasiri katika stesheni ya Syokimau, kwa reli hii mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, tukashuka Miritini usiku. Magharibi tuliiakhirisha, tukaisali pamoja na Isha tulipofika. Jamaa wa Majengo walitupokea, Mwenyezi Mungu awalipe. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, tukasoma dua ya safari, tukaingia katika matatu mbili tulizozikodi kwa siku nzima.

Njia ya Malindi ni yapata kilomita 120. Ukishavuka Daraja la Nyali unapita Kisauni, Bamburi na Shanzu, kisha unafika Mtwapa penye mkono wa bahari. Mbele kidogo ya mji wa Mtwapa, kando ya barabara kuu, kuna njia inayoteremka baharini hadi Jumba la Mtwana. Hapo ndipo tulipotua mara ya kwanza.

Jumba la Mtwana ni mji uliojengwa katika karne ya 14 na kuhamwa katika karne iliyofuata. Mwaka 1972 mchimbuzi wa mambo ya kale, James Kirkman, aliyafukua magofu yake, na leo yako chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mibuyu imesimama kati ya kuta. Pwani ya hapo ina jabali. Ni matumbawe ya zamani za kale, yaliyokuwa chini ya maji wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na sasa yamebaki nchi kavu huku mawimbi yakiyala kwa chini. Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, na kila wimbi lilipopiga watoto walirudi nyuma wakicheka kwa hofu. Wapo waliolia. Mtoto aliyezoea kuona maji ndani ya mtungi wa lita 20 ana haki ya kulia aonapo maji yasiyo na ukingo.

Walipokwisha kuizoea bahari, tuliingia msikitini, ule ulio karibu kabisa na maji. Dari haupo, lakini kuta na kibla zimesalia. Nyuma yake kuna kaburi lililochorwa aya ya Suratu Aali Imran inayowakumbusha waja kuonja mauti. Pembeni ni mahali pa kutawadhia: birika la maji, na karibu yake yametiwa mawe ya matumbawe yenye kukwaruza, ili mwenye kuingia asugue nyayo zake kwanza. Akina mama waliyainamia mawe hayo wakayapapasa kwa vidole. Kisha yule aliyekuwa akituongoza akatuonyesha jambo ambalo wataalamu wa Makumbusho wanalieleza: kwamba msikiti huu una dalili za chumba mbali kilichotengwa kwa ajili ya wanawake.

Nawaomba wasomaji wasilipite neno hili kwa haraka. Zaidi ya miaka 600 iliyopita, katika mji mdogo uliosahauliwa hata jina lake la asili halijulikani, wajenzi walipopima msikiti walimkumbuka mwanamke. Wala hawakusubiri kuambiwa.

Tukaingia katika majumba. Binti mmoja wa miaka 12, ambaye chuoni ni mwepesi wa hesabu, alikuwa akipita chumba kwa chumba. Akanijia. "Maalimu, hawa walikuwa na choo ndani ya nyumba?" Nikamwambia ndiyo, shimo lake hili hapa, na ukutani utaona mahali pa kuweka maji ya kustanjia. Akanyamaza kidogo, akasema: "Na sisi tuna kimoja kwa ploti nzima." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetoa hesabu.

Basi hapa hatuna budi kuwaambia watoto ukweli wote, wala tusiwape hadithi tamu ya mababu wasio na ila. Wenye majumba yale ya mawe walikuwa watu wenye mali. Walio wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambazo mvua na mchwa wamekwisha kuzila, na jina lenyewe la Jumba la Mtwana linatukumbusha kwamba katika pwani yetu walikuwako wanadamu waliomilikiwa na wanadamu wenzao. Sijui ni mkono wa nani uliochimba mashimo yale ya vyoo, lakini sidhani kuwa ulikuwa mkono wa mwenye nyumba. Nikamweleza binti yule hivyo, naye akauliza swali la pili: "Basi wale maskini walikwenda wapi?"

Jibu lilikuwa pale pale tulipotoka. Walikwenda msikitini. Katika miji hii ya kale, kila palipo na msikiti pana kisima na birika, na kisima cha msikiti hakina mwenyewe. Tajiri ana chake uani, naye maskini ana cha Mwenyezi Mungu. Sharia haikuweka udhu wa tajiri na udhu wa maskini. Viungo ni vile vile, na maji ni yale yale. Na maadamu tahara ni wajibu wa kila Mwislamu, basi kumwezesha asiye na uwezo kuipata ni deni la jamii yote. Mababu, pamoja na makosa yao, walilifahamu deni hili na wakalilipa kwa kuchimba mwamba.

Kutoka hapo barabara inakwenda Kikambala na Vipingo, penye mashamba ya mkonge yanayonyooka mistari hadi upeo wa macho, kisha unaiacha njia ya Takaungu upande wa kulia. Takaungu ni mji wa Wamazrui waliohamia huko baada ya utawala wao wa Mombasa kuvunjwa na Seyyid Said mwaka 1837. Hatukuingia, kwa kuwa siku moja haitoshi kwa yote.

Ilipofika saa nne akina mama walihitaji kusimama. Tuliona msikiti mzuri kando ya barabara, umepakwa rangi, una maikrofoni na mazulia. Sitautaja, na si huo peke yake. Wanaume tuliingia, tukapata maji na choo. Kwa wanawake hapakuwa na mlango. Tulimuuliza kijana aliyekuwapo, akajibu kwa adabu kwamba wanawake hawaji hapo. Mama mmoja akasema polepole: "Tumekuja." Kijana akainamisha kichwa, kosa halikuwa lake.

Aliyetusitiri ni mama mmoja muuza mabuyu na machungwa upande wa pili wa barabara. Aliona wanawake 10 na mabinti wamesimama juani, akaelewa bila ya kuelezwa, akatufungulia ua wa nyumba yake. Choo chake ni cha makuti, safi, na mlangoni ameweka ndoo ya maji na kopo. Alikataa fedha. Mama yule hakuwa Mwislamu. Watoto waliliona jambo hilo, nami sikuhitaji kuwasomesha zaidi. Tulinunua mabuyu yake yote, tukamwombea heri na uwongofu.

Mnarani iko juu ya gema, upande wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi. Ukisimama pale unaona maji ya buluu chini yako, mashua, na daraja refu lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalikuwa yakingoja feri, na mimi katika ujana wangu nimekaa ukingoni pale saa nyingi nikila korosho na kusubiri zamu. Magofu ya Mnarani ni ya mji ulioanza katika karne ya 14, ukaangamia mwanzoni mwa karne ya 17 kwa mashambulizi yaliyotoka bara. Una kaburi lenye mnara, una msikiti ambao maandishi ya kibla chake yamekatwa katika jiwe kwa ustadi mkubwa, na una kisima kirefu kilichochimbwa katika mwamba. Watoto waliangusha macho ndani yake wasione mwisho. Hebu fikirini kazi ya kutoboa jabali kwa vyombo vya mkono, mpaka kuyafikia maji, ili watu watawadhe.

Baada ya Kilifi barabara inapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Humo kuna ndege na wanyama wasioonekana ila sehemu chache sana duniani. Mwishoni mwa msitu ndipo ilipo Gede, na Gede peke yake inastahili safari.

Mji huu ulianza karibu na karne ya 12, ukastawi hasa katika karne ya 15, ukahamwa kabisa karne ya 17. Kirkman huyo huyo aliufukua kuanzia mwaka 1948, na mwezi wa Julai 2024 UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Ipo kasri, upo Msikiti wa Ijumaa, na misikiti mingine kadhaa midogo. Vimeokotwa humo vyombo vya kauri vya China, na shanga za Venice. Watu hawa walifanya biashara na dunia nzima, na bado walipojenga nyumba waliweka ndani yake mahali pa choo na mahali pa kuogea. Fahari ya vyombo na haja ya mwili wa mwanadamu, vyote viwili walivitafutia nafasi.

Lakini kilichotufanya tukae chini Gede ni visima. Vipo vingi, vimejengewa kwa mawe, na ni vikavu. Nilimkumbuka Mwenyezi Mungu anavyotaja katika Suratul-Hajj kisima kilichoachwa na kasri lililoinuliwa, na anavyowauliza wanadamu kama hawatembei katika ardhi wakapata nyoyo za kufahamia. Nilipowaeleza akina mama maana ya aya ile, tukiwa baina ya kasri na kisima, hakuna aliyehitaji tafsiri ndefu.

Kwa nini watu wa Gede waliondoka? Wataalamu wametaja sababu mbalimbali: vita vya Wareno na Mombasa, mashambulizi ya makabila ya bara, maradhi. Miongoni mwa sababu hizo wametaja pia kushuka kwa maji visimani. Mwenye kisima cha nyumbani hapa Pwani hatalionea ajabu jambo hili. Mvua hupenya katika matumbawe, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiteka kwa kiasi, unakunywa matamu. Ukiteka kupita kiasi, au mvua zikikatika, chumvi hupanda au kisima hukauka. Mji wa mawe ukibaki bila maji hauna tofauti na kaburi lenye milango. Watoto wa Mukuru wanalifahamu hili kuliko watoto wengi, kwa kuwa wao huiona siku ambayo maji hayakuja, bei ya mtungi ikapanda, na mama akachagua baina ya kupika na kufua.

Tulifika Malindi baada ya saa nane. Tuliisali Adhuhuri pamoja na Alasiri, rakaa mbili mbili, kisha tukala pilau tuliyoibeba. Hapo akina mama walipata mlango wao, maji yao na kivuli chao, na walipotoka nyuso zao zilikuwa nyuso nyingine. Tuliyaona makaburi ya minara yaliyo karibu na Msikiti wa Ijumaa, tukatembea hadi nguzo ya Vasco da Gama, iliyosimama juu ya jabali linaloingia baharini. Niliwaambia watoto kwamba mzungu huyo alipofika mwezi wa Aprili 1498 aliukuta mji, na sultani wake, na wanamaji wanaoijua njia ya India. Ni mwanamaji aliyepatiwa hapo ndiye aliyemvusha. Kabla ya hapo, katika karne hiyo hiyo ya 15, Malindi ilikwisha kumpeleka twiga kwa mfalme wa China. Kisha tuliwaacha watoto waingize miguu majini penye mchanga, na mama zao wakakunja buibui kidogo wakaingia pia. Hapakuwa na aliyewaita kupika wala kufua. Tulirudi Mombasa usiku, wamelala wakiegemeana.

Sasa, ndugu zangu, nina maneno kwa makundi matatu.

Kwanza kwa wazazi. Wapelekeni watoto wenu katika njia hii, wa kiume na wa kike. Mahali hapa si pango la majini kama wengine wasemavyo. Ni nyumba za watu waliosali sala hizi hizi tunazosali. Ondokeni mapema. Vaeni viatu vigumu, kwani matumbawe hukata mguu. Ulizeni wavuvi saa ya maji kujaa, wala msiwaache watoto chini ya gema wakati bahari inapanda. Msichore majina ukutani, na msichukue jiwe wala kombe. Mbebe maji zaidi ya mnavyodhani mtahitaji. Na kazi ya chakula isimwangukie mama peke yake tangu usiku wa kuamkia safari, akaja kusinzia siku nzima ilhali safari ni yake pia. Baba akamue malimau, vijana wabebe masufuria.

Kuhusu sala, wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hukadiria masafa ya kupunguza kwa zaidi ya kilomita 80. Basi mkaazi wa Mombasa anayekusudia Malindi ni msafiri tangu anapouacha mji wake, na anaweza kupunguza na kukusanya. Anayekwenda Kilifi peke yake, yapata kilomita 60, atasali kamili. Wageni wetu wa Nairobi walikuwa wasafiri tangu kwao. Magharibi haipunguzwi, wala Alfajiri.

Pili, kwa kamati za misikiti iliyo kando ya barabara kuu, kuanzia Kisauni hadi Malindi, na ile ya njia ya Nairobi. Nawanasihi kama ndugu. Jengeni mlango wa wanawake. Sisemi jumba kubwa. Vyoo viwili, tangi la maji, komeo linalofungwa kwa ndani, taa, na ndoo yenye kifuniko. Mtu asiseme kwamba wanawake hawaji. Hawaji kwa sababu hapana pa kuingia. Wala asiseme kwamba mwanamke hana wajibu wa jamaa, kwani safarini hakuja kutafuta jamaa, amekuja kutafuta maji. Na aliye katika hedhi hana sala, lakini haja anayo, na stara anaistahili kama wengine. Msikiti wenye mazulia mapya usio na choo cha mama umeanza kujengwa kutoka darini.

Tunajua kwamba Saad bin Ubada (R.A.), mama yake alipofariki, alimuuliza Mtume (S.A.W.) sadaka iliyo bora, akaelekezwa kwenye maji, akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Tunajua pia kwamba Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu wote. Anayetafuta sadaka ya kumfaa mzazi aliyetangulia asitafute mbali. Tangi la lita elfu na mlango wenye komeo ni kisima cha zama zetu.

Tatu, kwa dada zangu na mabinti wa Mukuru kwa Reuben, ambao najua gazeti hili huwafikia kwa kupokezana mkono kwa mkono. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, na wakaaji wenyewe walikaa vikaoni kusema wanavyotaka barabara, maji na mifereji iwe. Vikao vya namna hiyo vikiitishwa, nendeni. Msidhani kwamba mnapodai choo na maji safi mnaomba anasa ya wazungu, au mnaombaomba. Mmeona kwa macho yenu jabali lililotobolewa kwa mkono ili muumini atawadhe, na chumba kilichotengwa kwa mwanamke kabla ya Mreno kufika. Hilo ni jambo la dini yenu, na ni urithi wenu hata kama babu zenu hawakuzaliwa Pwani, kwa kuwa urithi wa Uislamu hauulizi kabila. Ombeni kwa adabu, dumuni kuomba, wala msione haya. Haya ni sehemu ya imani, na haya hiyo hiyo ndiyo inayomtaka binti awe na mlango wa kufunga.

Chuo chetu nacho hakijaketi. Akina mama wale wamekianza tena chama chao. Safari hii akiba si ya nauli. Wamekubaliana iwe ya tangi na choo cha mabinti penye chuo, na wa kwanza kutoa ni yule aliyeuliza tutaingia wapi. Mwenye kutaka kuchangia, na aanze na msikiti wa mtaani kwake. Autazame kwa jicho la mgeni wa kike aliyeshuka garini saa nne za mchana.

Ewe Mola, tujaalie maji yetu kuwa matamu, tusitiri duniani na Akhera, wasitiri wanaowasitiri wageni, mwongoze na umlipe kheri yule mama wa kando ya njia, na uwarehemu wote waliochimba kisima kisha wakaondoka wasijue ni nani atakayekunywa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.